Baada ya Miaka Mitano, Nani Ampime Mtoto? Jinsi Ukuaji wa Mifupa Unavyofuatiliwa

Mtoto wa kwetu Pwani akishatimiza miaka mitano, kitabu chake cha kliniki huwekwa kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa, na aghalabu hakitoki tena ila siku ya kuandikishwa shule. Mpaka hapo ameshapimwa mara nyingi. Ametundikwa kwenye mizani akalia, amelazwa juu ya ubao wa kupimia urefu, amezungushiwa ukanda mkononi, na muuguzi akatia nukta kwenye mchoro. Baada ya hapo ni kimya. Akija kupimwa tena kwa makini, basi huwa ameanguka mtini akavunjika mkono, au timu yake ya mpira imetakiwa ithibitishe umri wa wachezaji.

Mimi ni muuguzi, na miaka mingi nimekaa upande wa pili wa ile mizani. Kimya hicho ndicho kilichonifanya niandike makala haya, kwa sababu mfupa hauna habari na kitabu cha kliniki. Mfupa una ratiba yake, na sehemu kubwa ya kazi yake huifanya wakati sisi tumeshaacha kuangalia.

Chuo Kikuu cha Saskatchewan huko Kanada kilianza mwaka 1991 kuwafuatilia wavulana na wasichana wale wale, mwaka baada ya mwaka, wakipimwa kimo na madini ya mifupa. Matokeo yalipopangwa, ilionekana kwamba takriban asilimia 26 ya madini yote ya mfupa aliyonayo mtu mzima huwekwa ndani ya miaka miwili tu, ile inayozunguka kilele cha ukuaji. Kwa wasichana kilele hicho kiliangukia wastani wa miaka 12.5, kwa wavulana miaka 14.1. Hao ni watoto wa Kanada, na wetu wanaweza kuwahi au kuchelewa, lakini mpangilio ni huo huo. Hebu fikiria: robo ya mfupa atakaoutegemea mtu mpaka uzeeni huwekwa akiwa darasa la sita, la saba au la nane, na katika miaka hiyo mzazi akiulizwa mwanawe ana kimo gani, hutazama dari.

Kuna jambo jingine walilolibaini. Kimo hutangulia, madini hufuata. Kasi ya kurefuka ilifika kilele kwenye miaka 11.8 kwa wasichana na 13.4 kwa wavulana, yaani miezi minane au tisa hivi kabla ya kilele cha madini. Katika muda huo mfupa umeshakuwa mrefu lakini haujajazwa sawasawa, kama ukuta uliopandishwa kabla chokaa haijakauka. Ndiyo maana kuvunjika mkono karibu na kifundo huongezeka sana katika umri huo, na si kila mara ni utundu wa mtoto.

Vitu vitatu vinavyochanganywa

Watu wakisema "kupima mifupa" huwa wanachanganya mambo matatu. La kwanza ni urefu: mtoto ana kimo gani na anarefuka kwa kasi gani. La pili ni ukomavu: mifupa yake imefika hatua gani ya safari. La tatu ni madini: mfupa umejazwa kiasi gani. Mtoto anaweza kuwa mrefu na mifupa yake myepesi. Anaweza kuwa mfupi na mifupa yake imara kabisa. Kila jambo lina kipimo chake, na kipimo kimoja hakijibu swali la mwenzake.

Nianze na kimo, kwa kuwa ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na ndicho kinachodharauliwa.

Ule mchoro ulio ndani ya kitabu cha kliniki una historia inayotugusa. Zamani watoto wa dunia nzima walilinganishwa na watoto wa Marekani. Kisha, kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani (WHO) likawapima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Waliochaguliwa ni watoto walionyonyeshwa, wa mama wasiovuta sigara, katika nyumba zisizokuwa na dhiki. Kilichoonekana ni kwamba katika miaka mitano ya kwanza mtoto wa Muscat, wa Accra na wa Oslo walirefuka karibu sawa. Viwango vikatolewa mwaka 2006, na ndivyo tunavyovitumia hadi leo.

Wengi wetu tuna jamaa Muscat, kwa hiyo mfano huu tunauelewa bila kufafanuliwa. Mtu akikwambia "sisi watu wa huku ni wafupi tu, ndivyo tulivyoumbwa", mwambie hilo halitoshi kueleza habari ya mtoto wa miaka mitatu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kilifi ni asilimia 37, kubwa kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Hilo si umbo letu la asili, na mtu asituambie kwamba ni damu.

Kudumaa maana yake nini kwa hesabu? Chukua watoto mia wenye afya, wa umri mmoja na jinsia moja, uwapange kwa kimo. Wawili hivi wa mwisho huwa chini ya mstari uitwao -2. Mstari huo ndio mpaka. Alama hii huitwa alama ya Z, na inafaa kuikumbuka kwa kuwa tutakutana nayo tena kwenye mashine ya madini. Kuwa chini ya mstari pekee si ugonjwa, kwani hata katika watoto wazima wako wawili. Lakini kaunti ikiwa na 37 badala ya wawili, hapo hatuzungumzii tena bahati ya kuzaliwa.

Sasa, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mchoro hauishii miaka mitano. WHO ilitoa mwaka 2007 mchoro mwingine wa miaka 5 hadi 19, wa wasichana na wa wavulana, nao hupatikana bure kwenye intaneti. Mwalimu yeyote anaweza kuuchapisha kwenye karatasi mbili akaubandika ukutani. Darasa zima hupimwa asubuhi moja.

Kupima nyumbani, na kupima vizuri

Nukta moja haisemi mengi. Kinachosema ni mwenendo wa nukta. Mtoto huzaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi, huongeza kama 25 katika mwaka wa kwanza na kama 12 katika wa pili. Kisha hutulia kwenye sentimita tano hadi saba kwa mwaka, akipungua kidogo kabla ya kubaleghe. Halafu hushtuka: msichana huweza kuongeza sentimita nane katika mwaka mmoja, mvulana tisa na zaidi. Mtoto aliye kati ya miaka minne na kubaleghe anayeongeza chini ya sentimita nne kwa mwaka mzima anahitaji kuonwa na daktari, hata kama si mfupi kuliko wenzake. Huenda ni utumbo haunyonyi chakula, huenda ni tezi ya shingo, huenda ni figo. Mara nyingi kimo husema kabla ya dalili nyingine.

Mtu wa kwanza anayejulikana kumpima mtoto mmoja mfululizo tangu kuzaliwa mpaka kukua ni Mfaransa Philibert Guéneau de Montbeillard, aliyempima mwanawe tangu mwaka 1759 hadi 1777. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na kipimo cha urefu na subira ya miaka kumi na minane, na hesabu zake zinasomwa hadi leo.

Kwa hiyo unaweza. Lakini upime sawasawa. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala, aliyezidi hapo husimama, na vipimo hivi viwili havilingani: akilala huzidi kwa sentimita 0.7 hivi. Mzazi asiyelijua hilo humwona mtoto "amefupika" siku alipotimiza miaka miwili. Anayesimama avue viatu, avue kofia, na binti afungue nywele kama zimesukwa kwa kupandishwa juu, maana nimeona misuko inayoongeza sentimita tatu nzima. Visigino, makalio na mabega yaguse ukuta usio na ukingo chini. Macho yatazame mbele, kidevu kisiinuliwe. Weka kitabu kigumu cha bapa kichwani, kikibana ukuta kwa pembe mraba, tia alama kwa penseli, upime kwa utepe wa chuma wa fundi. Ule wa fundi cherehani hunyooka kwa matumizi ukakudanganya. Rudia mara tatu uchukue wastani. Pima saa zile zile, afadhali asubuhi, kwa sababu uti wa mgongo hushindiliwa na shughuli za mchana na mtu hupungua hata sentimita moja kufikia jioni. Na usipime kila wiki. Miezi sita ndiyo mwachano mzuri, kwani chini ya hapo kosa la kupima huwa kubwa kuliko ukuaji wenyewe.

Mahali pazuri pa kutia alama ni mwimo wa mlango. Andika tarehe kamili, si "Ramadhani ya juzi".

Mfupa una umri wake

Kipimo cha pili ni umri wa mfupa. Mtoto anapozaliwa, vile vifupa vinane vya kifundo cha mkono bado ni gegedu tupu, wala eksirei haivioni. Viwili vya kwanza hujitokeza katika miezi michache ya mwanzo. Cha mwisho huchomoza akiwa na miaka tisa hadi kumi na miwili. Kwenye ncha za mifupa mirefu nako mna ukanda wa gegedu ambao ndio unaorefusha mfupa. Siku ukanda huo unapogeuka mfupa wote, kurefuka kumekwisha. Kwa hiyo picha moja ya mkono wa kushoto humwonyesha mtaalamu mtoto amefika wapi.

Kitabu cha kulinganishia kinachotumika sana ni cha Greulich na Pyle, toleo la pili la mwaka 1959. Picha zake zilitoka kwa watoto wa Cleveland, Ohio, wa familia zenye uwezo, waliopigwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Kuna njia nyingine ya Uingereza, ya Tanner na Whitehouse, ambayo hutoa alama kwa kila kifupa kisha zikajumlishwa.

Faida yake ni hii. Wavulana wawili wa miaka 13 ni wafupi sawasawa. Mmoja mifupa yake ni ya miaka 11: huyo amechelewa tu, pengine kama babake alivyochelewa, na bado ana muda wa kurefuka. Wa pili mifupa yake ni ya miaka 13 kamili: huyo hana akiba hiyo. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kwa picha ya shilingi chache unaweza.

Lakini umri wa mfupa si tarehe ya kuzaliwa, na hapa nataka nieleweke. Watoto wawili wenye afya waliozaliwa siku moja wanaweza kutofautiana mwaka mmoja au miwili katika mifupa yao, na mtoto aliyekula kwa shida huwa nyuma. Karatasi ikisema "mifupa ya miaka 16" haina maana kwamba mwenye mifupa ana miaka 16. Anayemhukumu kijana asiye na cheti kwa picha peke yake, awe ni wa ofisi au wa timu, anaipa picha mzigo ambao haiwezi kuubeba. Hata FIFA, ilipoanza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 huko Nigeria mwaka 2009, haikudai kujua umri. Huuliza swali moja tu: je, gegedu ya mwisho wa mfupa wa mkono imeshagandamana kabisa? Hilo ni nadra sana kabla ya miaka 17. Wanatumia MRI kwa kuwa haina mionzi.

Mashine ya madini na paa la makuti

Kipimo cha tatu ndicho wazazi wanaosoma kwenye simu huja wakikitaka, na mara nyingi ndicho wasichokihitaji. Mashine yenyewe huandikwa DXA, nasi tunaiita deksa. Mtoto hulala, na mkono wa mashine hupita juu yake ukipitisha miale hafifu ya nguvu za aina mbili. Mfupa na nyama huizuia miale hiyo kwa viwango tofauti, na kompyuta ikakokotoa madini. Mionzi yake ni kidogo, chini ya ile ya eksirei ya kifua. Haipatikani katika zahanati zetu, na haina haja ya kupatikana huko.

Shida yake ni hii. Keti chini ya paa la makuti mchana ukatazame juu. Ukiona giza utajua paa limezuia jua. Lakini ni kwa sababu makuti yamefumwa kwa kubana, au kwa sababu yamepangwa safu nyingi zilizolegea? Kutoka chini huwezi kujua. Deksa nayo hutazama kwa upande mmoja: inahesabu gramu kwa sentimita mraba, haioni unene. Mfupa mnene huonekana umeshiba kuliko mfupa mwembamba hata kama ujazo wao ni mmoja. Kwa hiyo mtoto mfupi, mwenye mifupa midogo, huandikiwa kwamba mifupa yake ni dhaifu wakati ni midogo tu. Mtaalamu mzuri wa watoto lazima aurekebishe usomaji kwa kimo cha mtoto, na hapo tunarudi kwenye ule utepe wa fundi: kimo kikikosewa, deksa ya maelfu ya shilingi nayo imekosewa.

Kwa watoto hupimwa hasa uti wa mgongo wa chini na mwili mzima ukiondolewa kichwa. Kichwa huondolewa kwa sababu kwa mtoto ni sehemu kubwa ya mifupa yote, tena hakibadiliki sana kwa chakula wala mazoezi, kwa hiyo huficha mabadiliko ya kwingine.

Matokeo hutolewa kwa ile alama ya Z tuliyoiona: mtoto dhidi ya wenzake wa umri na jinsia yake. Rejea kubwa mojawapo ilitokana na watoto wapatao 2,000 wa vituo vitano vya Marekani. Kuna alama nyingine, ya T, inayomlinganisha mtu na kijana mzima aliyekamilika mifupa. Hiyo ni ya watu wazima. Mtoto hajafika huko, kwa hiyo ukimpima kwa alama ya T atatoka mgonjwa hata akiwa mzima kama kigongo. Ukiona karatasi ya mtoto wa miaka kumi ina alama ya T, mwulize daktari kwa adabu.

Na hata Z ikiwa chini ya -2, wataalamu wamekubaliana kwamba namba peke yake haitoshi kumwambia mtoto ana ugonjwa wa mifupa kuwa miepesi. Lazima kuwe na mivunjiko: pingili ya mgongo iliyobonyea bila ajali kubwa, ama Z ya chini pamoja na mifupa mirefu kuvunjika mara mbili au zaidi kabla ya miaka 10, au mara tatu au zaidi kabla ya miaka 19. Aliyevunjika mara moja kwa kuanguka mwembeni hahitaji deksa. Anahitaji plasta na maziwa.

Matege, jua na kalsiamu

Huku kwetu swali la kwanza la bibi yoyote si madini, ni miguu. "Mjukuu wangu ana matege?" Mara nyingi jibu ni hapana. Mtoto anapoanza kutembea miguu yake huwa imepinda nje kidogo, ikanyooka karibu na miaka miwili, kisha kwenye miaka mitatu au minne magoti hugusana, na kufikia saba huwa sawa. Msimamishe vifundo vikigusana, uone vidole vyako vingapi vinaingia kati ya magoti, uandike, uangalie tena baada ya miezi mitatu. Cha kutia wasiwasi ni pengo linaloongezeka baada ya miaka miwili, mguu mmoja kupinda kuliko mwenzake, vifundo vya mikono kuvimba, na vinundu kama shanga kwenye mbavu. Kukandwa kwa mafuta ya nazi ni raha kwa mtoto, lakini hakunyooshi matege. Huyo ni wa eksirei ya kifundo na goti, na kipimo cha damu.

Watu hushangaa: matege Pwani, na jua lote hili? Jua hutengeneza vitamini D, na watoto wetu wadogo kwa jumla wanayo. Damu za watoto zaidi ya 4,500 wa nchi tano za Afrika, Kenya ikiwemo, zilipopimwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, hata mmoja kwa mia hakufikia kuwa na upungufu mkubwa. Lakini vitamini D ni mlinda mlango tu: humruhusu kalsiamu kuingia. Kama hakuna kalsiamu aliyebisha hodi, mlango wazi haufai kitu. Nigeria ilitufundisha hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wa huko wenye matege walikuwa wakipata kiasi cha miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku, na waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Kisha katika mtaa wa mabanda wa Nairobi, utafiti wa mwaka 2018 ukakuta kinyume chake: matege yaliyotokana na upungufu wa vitamini D, yakiandamana na utapiamlo. Ugonjwa mmoja, sababu mbili, nchi za jua zote. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kununua dawa.

Mtoto mchanga anayekaa ndani ya ghorofa Mombasa na kutolewa jioni si sawa na anayetambaa uani Malindi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 unapendekeza vitamini D vipimo 400 kila siku kwa kila mtoto katika mwaka wa kwanza, ulizia kliniki. Mwongozo huo huo unaweka mpaka wa hatari chini ya miligramu 300 za kalsiamu kwa siku, na zaidi ya 500 kuwa ya kutosha kuzuia matege. Glasi moja ya maziwa au mtindi ina 300 hivi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, na uji wa wimbi hujazia. Sima ya mahindi na chai ya rangi haziongezi kitu, na hicho ndicho chakula cha watoto wengi hapa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Lakini vidonge vya kalsiamu visinunuliwe kiholela. Huko Gambia wavulana wa miaka 8 hadi 12 walipewa kalsiamu kwa mwaka mmoja, na mifupa yao ikaongeza madini. Walipofuatiliwa mpaka ukubwani, ilionekana walishtuka kurefuka mapema kuliko wenzao na wakaishia kuwa wafupi kwa sentimita tatu na nusu hivi. Chakula ni jambo moja, chupa ya duka la dawa ni jingine.

Watoto wenye selimundu, nao ni wengi Pwani, wawekwe kando katika hesabu hizi zote. Kwao mfupa hukosa damu, hubaleghe wakichelewa, na maumivu ya nyonga yasichukuliwe kuwa ya kawaida. Wana kliniki zao na wapimwe huko huko.

Wasichana

Nimeacha kwa makusudi jambo ninalolionea uchungu. Mfupa haukui kwa chakula tu. Hukua kwa kugongwa. Finland mwaka 1995 watafiti waliwapima wanawake wachezaji wa tenisi na skwoshi. Mkono wa kuchezea ulikuwa na madini zaidi kuliko wa pili, na waliokuwa wameanza kucheza kabla au wakati wa kuvunja ungo walikuwa na faida mara mbili hadi nne kuliko walioanza baadaye. Mkono ule ule wa mtu yule yule, kwa hiyo haiwezekani kusingizia chakula wala ukoo.

Sisi tunafanya nini? Msichana wa miaka kumi anaruka kamba na kukimbizana na wenzake. Akivunja ungo, somo huitwa, mafunzo hutolewa, na pamoja na mafunzo hayo huja neno "umekuwa mkubwa, tulia nyumbani". Kilele cha madini kiko pale pale, mwaka huo huo. Tunamketisha chini katika miezi ambayo mfupa unangoja kugongwa. Stara haidai kukaa kitako. Ua lipo, kamba ipo, shule za wasichana zina viwanja, na dakika chache za kuruka kwa siku humtosha kuanza. Somo anayemfundisha mwari usafi na heshima angeweza kumfundisha na hili, na angesikilizwa kuliko mimi.

Ukimpeleka mtoto hospitali kwa jambo la mifupa, nenda na kitabu cha kliniki hata kama ana miaka kumi na mitano, na zile tarehe za mwimo wa mlango ulizoziandika kwenye karatasi. Andika kila mvunjiko: mfupa upi, umri gani, alianguka kutoka wapi. Mweleze daktari kimo cha baba na cha mama, na kila mmoja alibaleghe lini kama mnakumbuka. Taja dawa alizotumia kwa muda mrefu, hasa za pumu za vidonge na za kifafa, kwa kuwa baadhi yake hula mfupa. Ukipewa matokeo, omba namba zenyewe zikiandikwa, na jina la mashine, na uweke nakala. Kipimo cha mwakani kitalinganishwa na hicho, na ni vyema kifanywe kwenye mashine ile ile.